Viuno vya Mtandaoni

Gauni la kwanza lilirudi Jumatatu asubuhi, na aliyelirudisha alikuwa bado amelivaa. Alikuwa dada yake fundi, yule ambaye nyumba nzima inamwita Shangazi, na alikuja kwa miguu, mitaa miwili, akiwa amejifunika koti la mvua la mumewe ingawa jua lilikuwa linawaka. Alitembea kwa hatua fupi fupi, mikono ameibana ubavuni. Majirani walimsalimia njiani naye akaitikia kwa kichwa tu, maana kuongea kulihitaji hewa ambayo hakuwa nayo.

"Fungeni mlango," alisema alipoingia chumba cha kushonea. "Fungeni na dirisha. Halafu nileteeni mkasi."

"Mkasi wa nini?" fundi aliuliza, mguu ukiwa bado kwenye pedali ya cherehani.

Shangazi akalifungua koti, na ikaonekana kazi ya mkasi. Gauni la kijani, zipu ubavuni, lilikuwa limeshuka vizuri tu kutoka mabegani mpaka kiunoni, na hapo likakataa kuendelea wala kurudi. Chini ya kiuno lilikuwa limejikunja kunja. Juu ya kiuno mishono ilikuwa imevutika mpaka uzi mmoja mmoja unahesabika, na zipu ilikuwa imekwama katikati.

"Tangu jana saa kumi jioni," alisema. "Nimelala nalo. Mume wangu kajaribu kwa nguvu, kajaribu kwa sabuni, mwishowe kaishia kucheka. Kaka, nitoe humu."

Binti wa fundi aliinuka mezani na simu yake mkononi. Alikuwa na miaka ishirini na nne, na pale nyumbani aliitwa Meneja. Jina hilo alipewa na mama yake kwa utani siku alipoacha kazi ya kaunta kwenye duka la misumari na kutangaza kwamba ushonaji wa baba yake unahamia mtandaoni. Utani ukizoeleka hugeuka cheo, na kwa wiki tatu sasa hata fundi alikuwa akimwita hivyo bila kucheka.

"Shangazi, agizo lako ni namba nne," alisema akipekua simu. "Uliandika nyonga arobaini. Limeshonwa arobaini. Nimelikagua mwenyewe."

"Na mimi sikukosea, mwanangu. Arobaini ndiyo namba yangu. Muulize baba yako, alinipima mwaka jana, akaitaja kwa sauti, wifi akiwa amekaa hapo hapo alipokaa sasa. Arobaini kamili!"

Fundi aliinama kutafuta pini ambayo haikuwa imeanguka.

Mama wa nyumba, ambaye kazi yake kwenye karakana ilikuwa vifungo na pindo za mkono, na kwa hiyo mtaa mzima ukamwita Mama Vifungo, alikuwa ameuma uzi ili asicheke. Ukamponyoka. "Kikulacho ki nguoni mwako, wifi yangu," alisema.

"Usinichekeshe! Nikicheka hapa, ama litapasuka ama nitapasuka, na mimi sina mahali pa kushonewa."

Ikabidi fundi akate. Hakuna fundi anayependa kukata kazi yake mwenyewe, kwa hiyo aliufuata mshono taratibu, uzi kwa uzi, akikwepa kitambaa na kumkwepa dada yake macho. Shangazi alipovuta pumzi ya kwanza kamili baada ya saa kumi na saba, pazia la dirishani lilitikisika, na wanawake wote watatu wakaangua kicheko hadi machozi. Fundi peke yake hakucheka. Alikunja lile gauni, akaliweka chini ya rundo la vitambaa, akasema anakwenda kununua uzi. Uzi ulikuwa umejaa kabati zima.

* * *

Duka hilo la mtandaoni liliitwa Gauni Mlangoni, na maneno yake yalikuwa matatu tu: Jipime, agiza, vaa. Meneja aliyatunga mwenyewe na aliyapenda kupita kiasi. Mteja anajipima nyumbani kwake, anatuma namba, analipa, na baada ya siku tano pikipiki inagonga mlango. Hakuna kukaa kwenye benchi la fundi, hakuna kusimama umenyoosha mikono mbele ya watu kama unayekaguliwa.

Baba yake alikubali kwa sharti. Yeye angekata na kushona kama kawaida, na Meneja angeshughulika na wateja. Mwezi ukiisha biashara ikiwa imesimama, angemkabidhi karakana na futi yake ya kupimia, ile ya kitambaa iliyokuwa ikining'inia shingoni mwake tangu kabla binti huyo hajazaliwa, na ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiazima hata kwa dakika moja. Ikiwa imeanguka, binti arudi kwenye misumari, ambako bosi wake wa zamani alikuwa amemwekea kigoda. Meneja aliitaka ile futi kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine, ila hakumwambia mtu.

Tena alikuwa ameweka utaratibu wa kisasa. Fundi hakuletewa majina, aliletewa karatasi: agizo namba nane, kifua thelathini na sita, kiuno thelathini, nyonga thelathini na nane. "Nani huyu?" baba alikuwa akiuliza. "Namba nane," binti anajibu. "Namba nane ana jina?" "Baba, mfumo hautaki majina." Basi fundi akakata namba nane, akakata namba tisa, akashangaa kimoyomoyo jinsi nchi ilivyojaa watu wembamba ambao yeye hajawahi kukutana nao.

Kufikia Jumatano asubuhi magauni yaliyorudi yalikuwa kumi na moja kati ya kumi na tisa ya wateja wa mmoja mmoja. Dereva wa pikipiki, aliyeyapeleka kwa mbwembwe na kupiga honi kila mlango, sasa aliyarudisha kimya kimya, akiyapanga kwenye kizingiti kimoja baada ya kingine.

"Meneja," alisema kwa upole, "kurudisha nako kuna nauli yake. Lakini wewe nitakufanyia nusu."

Huruma hiyo ilimuuma kuliko nauli. Kwenye ukurasa wa duka mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mmoja aliandika, "Nimeagiza gauni, nimeletewa foronya." Mwingine akaandika, "Gauni zuri sana, binti yangu wa darasa la sita anawashukuru." Chini yake watu mia mbili walikuwa wameweka alama za kicheko, na Meneja alizisoma zote kana kwamba mojawapo ingekuwa na nafuu. Alipojaribu kuzima simu, ikaita. Alikuwa Bosi wa Misumari.

"Nimesikia," alisema. "Pole sana. Nilitaka tu ujue kigoda chako kipo. Nimekipangusa hata vumbi."

* * *

Saa nne ya Jumatano hiyo hiyo alifika Mwalimu wa Hesabu. Alikuwa mwanamke mrefu, mpana, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na ndiye aliyeongoza kwaya ya walimu wa kike wa shule ya jirani. Wanakwaya kumi na sita, magauni kumi na sita ya bluu ya anga, oda kubwa kuliko zote zilizowahi kuingia Gauni Mlangoni, nayo ilikuwa imepelekwa jana yake. Alibeba mfuko, akaumwaga wote juu ya meza ya kukatia.

"Habari za asubuhi. Kumi na sita yametoka, kumi na sita yamerudi. Hapo hesabu imekubali. Pengine pote imekataa."

"Shikamoo, Mwalimu," Meneja alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Jumamosi saa nane mchana tunaimba kwenye mashindano. Jana tulivaa kujaribu. Mwalimu wa Jiografia hakuweza kukaa. Mwalimu wa Muziki alivuta pumzi ya kuanzia wimbo, kifungo kikaruka kikampiga mkuu wa shule." Alivua miwani, akaifuta. "Mkuu wa shule amesema hatuko makini. Lakini mimi nilituma namba sahihi. Namba hazidanganyi, binti yangu. Zilikuwa zile zile alizotutajia baba yako alipotushonea sare mwaka juzi. Niliziandika siku ile, ninazo."

"Tutarekebisha, Mwalimu."

"Nataka kuamini hivyo. Njooni mtupime upya, leo saa tisa, ofisi ya walimu. Jumamosi tusipokuwa na magauni tutaimba na nguo za kazini, na mtaa utajua kwa nini." Aliaga kwa heshima zote, akamwamkia hata fundi aliyekuwa amejificha nyuma ya pasi, akatoka.

Meneja alirudia maneno hayo kimoyomoyo. Namba zile zile. Shangazi naye alisema namba zile zile. Aliinuka akaenda kwenye kabati, akatoa daftari la baba yake, lile la jalada gumu jekundu ambamo miili ya mtaa mzima imeandikwa kwa kalamu ya risasi. Akafungua mwaka juzi, akaweka simu kando yake.

Mwalimu wa Hesabu: kwenye simu nyonga thelathini na nane, kwenye daftari arobaini na mbili. Mwalimu wa Jiografia: simu thelathini na sita, daftari arobaini. Mwalimu wa Muziki: thelathini na nne, thelathini na nane. Akafungua mwaka jana akamtafuta Shangazi. Daftarini nyonga ilikuwa arobaini na nne. Kila mtu, kila ukurasa, tofauti ilikuwa inchi nne, haipungui wala haizidi.

"Baba," aliita. "Njoo unieleze kitu."

Fundi alikuja akijifuta mikono isiyo na uchafu. Alipoona daftari limefunguliwa kando ya simu, aliketi kwenye benchi la wateja, mahali ambapo hakuwahi kukaa.

"Sauti ni ya mteja," alisema. "Kalamu ni ya kitambaa. Ndivyo nilivyofundishwa kazi hii. Mtu amesimama mbele ya watu, amenyanyua mikono, amejiachia kwako. Umtangaze? Unasema thelathini na nane, unaandika arobaini na mbili. Anafurahi, gauni linamtosha, anarudi tena mwakani. Wanaume hivyo hivyo, ila wao unawaongezea kifua."

"Umewadanganya watu miaka ishirini na sita!"

"Nani nimemdanganya? Kuna gauni langu liliwahi kumbana mtu?"

"Njia ya mwongo ni fupi, Baba."

"Yangu imefika miaka ishirini na sita," fundi alisema, na ingawa hakutaka kuchekesha, Mama Vifungo alilazimika kugeukia ukutani. "Ingefika na zaidi, mwanangu, kama wewe usingewaambia wajipime. Hawakujipima. Nani anajipima? Walikumbuka tu nilichowaambia."

"Na ulipokuwa unakata hukushangaa?"

"Nilishangaa! Nilikuuliza nani huyu, ukaniambia namba nane. Ungesema ni jirani yetu wa kushoto, ningekwambia huyo hapiti hata mlangoni humo. Mimi nilidhani watu wako wa mtandaoni ni watu wa aina nyingine."

Meneja alitaka kukasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, lakini kila alipoyatazama magauni kumi na sita ya bluu yaliyomwagika mezani alikumbuka kwamba yeye ndiye aliyefuta majina. Alikuwa ameagiza nguo za watu zikatwe bila kuwaona. Baba yake alikuwa amewaona, akawaambia uongo, akawashonea ukweli. Machozi yalimjia na kicheko kikamjia, vikagombania mlango.

"Na mimi?" Mama Vifungo aliuliza ghafla, sindano hewani.

"Wewe vipi?"

"Mimi kiuno changu ni ngapi?"

"Ishirini na nane," fundi alijibu bila hata kupepesa.

"Daftarini ni thelathini na mbili. Nilisoma mwaka wa kwanza tulipooana, siku ulipokwenda sokoni." Alirudi kwenye kifungo chake. "Nikasema ngoja nimwangalie huyu mwanamume, siku ataisahau ile ishirini na nane nitajua amenichoka. Mpaka leo hujaisahau."

Masikio ya fundi yalikuwa yamepata moto na alikuwa mwenye furaha kama mtu aliyesamehewa deni alilokuwa hajui anadaiwa. Kisha akafanya jambo ambalo mkewe na binti yake hawakulitegemea. Aliinua futi shingoni, akaitazama kidogo, akamnyooshea Meneja.

"Nenda kawapime. Nikienda mimi nitasema nini? Namba zangu ndizo zilizowaumbua." Meneja alipoipokea, baba hakuiachia mara moja. "Kwa leo tu," alisema.

* * *

Ofisi ya walimu ilikuwa chumba kirefu chenye meza zilizojaa madaftari na kabati la ramani lisilofungika. Wanakwaya wote kumi na sita walikuwepo, na walimu wa kiume watatu walikuwa wamekataa kutoka kwa kisingizio cha kusahihisha mitihani. Njiani Meneja alikuwa amekata shauri. Biashara imekufa kwa uongo, basi kuanzia leo atasema ukweli, namba kama ilivyo.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu wa Jiografia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hiyo Meneja akainama, akazungusha futi, akasoma, akainuka na kutangaza kwa sauti safi:

"Nyonga, arobaini na moja!"

Kalamu nyekundu za walimu wa kiume zilisimama. Mwalimu wa Jiografia, mwanamke aliyewahi kutuliza darasa la watoto sabini kwa kuinua nyusi tu, alishusha mikono yake polepole.

"Mimi Jumamosi nitavaa gauni langu la zamani," alisema. "Nitasimama nyuma." Akaenda kuketi mezani kwake, akafungua kitabu, akakisoma kikiwa juu chini.

Baada ya hapo ofisi ikaanza kupungua watu. Mmoja alikumbuka kipindi, ingawa kengele ya mwisho ilikuwa imelia zamani. Mwingine alisema simu yake inaita, na simu ilikuwa mezani imelala. Mwalimu wa Muziki aliingia nyuma ya kabati la ramani na hakutoka. Meneja alisimama katikati ya chumba na futi ya baba yake mkononi, na aibu ikampanda kutoka miguuni. Hakuwa amewahi kufikiria kwamba namba inaweza kumpiga mtu kofi.

"Nipime mimi," Mwalimu wa Hesabu alisema. Alikuja mbele, akanyanyua mikono, akatazama ukutani. "Endelea. Namba ni namba."

Meneja aliinama. Futi ilizunguka, ikakutana na ncha yake. Arobaini na tatu. Aliiangalia mara mbili, kisha akamwangalia mwanamke yule usoni kutoka kule chini alikokuwa. Mwalimu alikuwa amekaza taya. Kope za jicho lake la kushoto zilikuwa zinachezacheza. Kumbe na yeye alikuwa anaogopa, huyu anayeamini namba kuliko wote.

Meneja akainuka. "Thelathini na tisa," alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja siku ya wiki, akaandika arobaini na tatu.

Alikuwa amesahau kitu kimoja. Mwalimu aliyefundisha miaka thelathini anaweza kusoma karatasi ya mwanafunzi ikiwa juu chini, kutoka upande wa pili wa meza, bila miwani. Macho ya Mwalimu wa Hesabu yalishuka kwenye daftari, yakatulia kwenye namba, yakakaa hapo kwa muda ambao Meneja aliuona ni mrefu kuliko mwezi mzima. Kisha yakamrudia.

"Sahihi," alisema Mwalimu, akajisogeza pembeni kumpisha anayefuata.

Foleni ikajipanga yenyewe. Aliyekuwa na kipindi alikuta hana, na Mwalimu wa Muziki akatoka nyuma ya kabati akiwa na vumbi puani. Huyo kwa kweli alikuwa amepungua, na Meneja alimpunguzia vilevile, maana haki ni haki. Wa mwisho kabisa alirudi Mwalimu wa Jiografia, amekunja mikono.

"Nafikiri ile futi ilikuwa imejikunja," alisema.

"Ilikuwa imejikunja, Mwalimu. Naomba unisamehe, ni mara yangu ya kwanza." Meneja aliinama tena, akapima kwa uangalifu mkubwa. "Thelathini na saba. Si unaona?"

"Nilijua tu," alisema Mwalimu wa Jiografia, na walimu wa kiume wakaendelea kusahihisha mitihani yao.

* * *

Alhamisi na Ijumaa cherehani hazikupoa. Fundi alifumua mbavu za magauni yote kumi na sita, akaingiza kila upande ukanda wa bluu iliyokoza, kutoka kwapani mpaka kwenye pindo. Wengine waliongezewa inchi mbili kila ubavu, wengine mbili na nusu, na aliyepungua akapewa ukanda mwembamba ili asijione mpweke. Mama Vifungo alishona vifungo upya kwa uzi wa mara mbili, akisema hataki tena habari za kumpiga mkuu wa shule. Shangazi alikuja kusaidia kupiga pasi akiwa amevaa gauni la zamani, pana, na aliimba siku nzima kwa sababu tu aliweza.

Na Meneja? Kila gauni lililoisha, alibandika karatasi kwa pini. Juu ya karatasi hakuandika namba ya agizo, aliandika jina la mwenye gauni.

Jumamosi kwaya ikawa ya tatu kati ya kwaya nne. Ila walivuta pumzi waliyotaka, wakashikilia noti ya mwisho mpaka watu wakaanza kucheka kwa mshangao, na Mwalimu wa Jiografia akasimama mbele. Wanawake watatu kwenye hadhira waliuliza ni fundi gani aliyebuni zile kanda za ubavuni. Mkuu wa shule alipiga makofi, ingawa alikaa safu ya nne kwa usalama wake.

Jumapili Meneja alifunga Gauni Mlangoni. Kabla ya kuufunga ukurasa aliandika mistari michache: kwamba kosa lilikuwa lao, walikata kitambaa bila kumwona mtu, na kwamba pesa za kila aliyerudisha zitarudi zote, taratibu lakini zote. Alikaa akisubiri matusi. Yalikuja mawili. Na yule aliyeletewa foronya akaandika, "Basi njoo unipime, nipo nyumbani."

Jumatatu akarudi kwenye misumari. Hakukuwa na njia nyingine, magauni kumi na moja hayajilipi yenyewe. Bosi wa Misumari alikuwa kweli amepangusa kigoda, na hakusema neno la kejeli, jambo lililomshangaza Meneja. Alifanya kazi asubuhi tu, saa mbili hadi saa saba. Mchana alichukua mkoba wake na kwenda nyumba kwa nyumba. Simu sasa ilikuwa ya kupanga miadi tu, na tangazo jipya lilikuwa na maneno mara mbili ya lile la kwanza: Tunakuja kukupima. Namba yako haitoki nje. Wiki hiyo walimwita wateja tisa, kati yao sita wakiwa wale wale waliorudisha. Na futi? Kila jioni alimrudishia baba yake, na kila mchana baba alimpa tena, akisema, "Kwa leo tu."

* * *

Siku ya mwisho wa mwezi Meneja alirudi karakana alasiri, akaivua futi shingoni, akaikunja vizuri na kuiweka mezani mbele ya baba yake.

"Mwezi umeisha, Baba. Tulikubaliana. Duka limeanguka, na mimi nipo kwenye misumari. Nimeshindwa." Alijitahidi isitoke sauti ya kulia, na kwa sehemu kubwa aliweza.

Fundi aliitazama futi. Hakuichukua. Aliinuka kwenye cherehani, akaenda katikati ya chumba, akasimama pale wanaposimama wateja.

"Nahitaji suruali," alisema. "Nipime."

"Wewe? Si unajishoneaga kwa macho?"

"Macho yamechoka. Nipime, au na wewe unabagua wateja?" Akanyanyua mikono. Miaka ishirini na sita alikuwa amewaambia watu wanyanyue mikono, na yeye mwenyewe hakuwa amewahi kuinyanyua. Shati lilipanda, kitambi kikachungulia. Fundi akakivuta ndani haraka, akazuia pumzi, akatazama ukutani, na kope za jicho lake zikaanza kuchezacheza.

Meneja aliinama, akaizungusha futi kiunoni mwa baba yake. Alisubiri. Mtu hawezi kuzuia pumzi milele, na fundi aliposhindwa, futi ilisema arobaini na moja.

"Thelathini na saba," alisema binti, akaandika.

Fundi alishusha mikono, akageukia kioo, akajitazama ubavu huu na ubavu ule. Hila aliijua yeye, aliitumia kwa kila aliyekanyaga kizingiti kile, na ilipomfikia aliimeza yote kama maji ya kunywa.

"Umesikia, Mama Vifungo? Thelathini na saba! Ndiyo ile ile ya mwaka tuliooana."

"Ndiyo ile ile, mume wangu," alisema Mama Vifungo, midomo ikiwa imejaa pini.

Fundi alicheka kwa furaha, akachukua futi mezani, na kwa mikono yake mwenyewe akaivika shingoni mwa binti yake. Safari hii hakusema kwa leo tu. Akachomekea shati, akanyoosha mgongo, akatoka nje kwenda kumsimulia jirani kiuno chake.